Virutubisho vya bia vimeishia kwenye machicha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimejifungua wiki sita zilizopita. Mama mkwe anasisitiza ninywe chupa moja ya bia nyeusi kila jioni, eti inarudisha damu na kuleta maziwa. Mimi si mnywaji, lakini sitaki nionekane mkaidi. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kujifungua salama. Kabla sijasomea lishe nilikuwa maabara ya kiwanda cha bia, kwa hiyo bia naijua tangu ikiwa nafaka. Shayiri inalowekwa mpaka iote, inakaushwa kuwa kimea, inasagwa, kisha inachanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Yale maji matamu yanachujwa yaende kuchemshwa na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Kinachobaki kwenye chujio ndiyo machicha: makapi ya kahawia yanayofuka mvuke, yenye harufu nzuri ya nafaka iliyopikwa. Sehemu kubwa ya protini ya shayiri imebaki humo, na nyuzinyuzi karibu zote, na lori la mfugaji liko nje linasubiri. Baadaye hamira ikishageuza sukari kuwa kilevi, inatuama chini ya tangi, tope zito la rangi ya krimu lililojaa vitamini za kundi B. Nalo linatolewa, na bia nyingi huchujwa tena mpaka zing'ae. Ng'ombe kala, wewe unaletewa kinywaji ambacho zaidi ya asilimia 90 yake ni maji.

Sasa tuje kwenye damu. Weusi wa bia unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaribie kuungua. Hautokani na madini ya chuma. Chupa ya mililita 500 ina chuma kama miligramu 0.1 tu, na mama anayenyonyesha anahitaji miligramu 9 hivi kwa siku. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina miligramu 3 na ushei. Piga hesabu mwenyewe: sahani ndogo ya dengu ni sawa na chupa kama 30. Lakini imani hii ina umri na ilipata wapiga debe wakubwa. Mwaka 1929 kampuni ya Guinness, ya bia nyeusi ya Ireland, ilianza kutangaza kwamba bia yake ni nzuri kwa afya, na huko Ireland kuna wakati waliotoka kutoa damu walikuwa wakipewa chupa. Mama mkwe wako hakuitunga.

Kwenye maziwa nampa haki kidogo. Ndani ya shayiri kuna aina ya wanga inayoweza kuchochea prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Tatizo ni kilevi: kinazuia oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Mama anahisi matiti yamejaa na kudhani dawa imefanya kazi, kumbe mtoto ananyonya na kupata pungufu. Isitoshe, kilevi kinaingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha kwenye damu, na kukamua na kumwaga hakukiondoi haraka. Kwa chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya kilevi, ungepaswa kusubiri kama saa tatu kabla ya kunyonyesha. Mtoto wa wiki sita ana subira hiyo?

Nenda ukapime wingi wa damu. Ikiwa imepungua utapewa vidonge vya chuma. Maziwa yanaongezwa na kunyonyesha mara kwa mara, usiku pia. Ukishindwa kumkatalia mama mkwe, nisingizie mimi. Nimeshazoea kulaumiwa na wakwe za watu.

SWALI: Kaka, mimi jioni nakunywa bia tatu na sili tena mpaka asubuhi. Bia si imetoka kwenye nafaka? Mbona basi kitambi hakipungui?

JIBU: Kwa sababu umekula, ndugu yangu, tena umekula vibaya. Bia haina mafuta hata kidogo, hilo ni kweli. Lakini chupa ya mililita 500 ina kalori kama 215, na karibu theluthi mbili yake zinatoka kwenye kilevi chenyewe: gramu 20 hivi, kila gramu kalori 7. Chupa tatu ni kalori kama 645. Protini ya chupa zote tatu ni gramu 7 tu, yaani yai moja kubwa na ushei. Foleti, mojawapo ya vitamini za kundi B, ni mikrogramu 90 hivi, nawe unahitaji 400 kwa siku.

Kibaya zaidi, ini likiona kilevi linaacha kazi nyingine, hata ya kuchoma mafuta, mpaka limalizane nacho. Na anayekunywa sana kila siku utumbo wake unashindwa kufyonza vizuri vitamini B1, kwa hiyo hata chakula cha mchana kinaanza kukupita. Kula chakula cha jioni kwanza. Kisha hizo tatu zipunguze, na siku nyingine usiguse kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na mimi sina ujanja wa kulizunguka hilo.

SWALI: Nina mawe kwenye figo. Rafiki anasema bia inayasukuma. Nijaribu?

JIBU: Hapana. Unakojoa sana kwa sababu kilevi kinazima homoni inayozuia maji yasipotee, halafu mwili unabaki na kiu. Kunywa maji mpaka ufikishe angalau lita 2.5 za mkojo kwa siku. Ukitoa jiwe, usilitupe. Lipeleke maabara wakuambie ni la aina gani. Likiwa la asidi ya yuriki, bia ndiyo ya kwanza kuachwa, hata ile isiyo na kilevi, maana purini zinazozalisha asidi hiyo zimo humo pia.