Mwanangu, uliniuliza maisha yako yaliharibikia wapi

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza, nikairudia tena, nikaona nikikujibu kwa voisi nitalia katikati na maneno mengine yatanipotea, bora nikuandikie. Umeniuliza "Mama, niambie ukweli, maisha yangu yaliharibikia wapi?" halafu hata sijajibu ukajijibu mwenyewe, eti ni ile siku ya 2018 ulipopeleka barua ya kuacha kazi benki ukarudi huku Kamachumu kulima vanila. Ukasema wenzako mlioanza nao kazi leo wamejenga Buswelu, wana magari, watoto wanasoma English medium, na wewe umepanga chumba kimoja Igoma hapo Mwanza unapiga mahesabu ya maduka ya watu, mkeo kaenda kwao na watoto. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ukasema "bora hata nisingekuwepo".

Naanza na hilo la mwisho, mengine yote yanaweza kusubiri. Nakuuliza wazi, unawaza kujidhuru? Usinizungushe, usiniambie "nilikuwa nimechoka tu mama". Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ya mara moja moja usiku usingizi ukikataa, leo hii nenda hospitali ya Bugando, pale wana madaktari wa mambo ya akili na watu wanatibiwa wanapona. Mdogo wako nimeshamwambia awe karibu na simu, atakusindikiza na hatakuuliza maswali. Na hata kama jibu ni hapana, nijibu hilo kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Sasa tuje 2018. Mimi nilikuwepo mwanangu, nakumbuka vizuri kuliko unavyokumbuka wewe, maana wewe saa hizi unaikumbuka ukiwa na hasira nayo. Kimbunga Enawo kilipiga Madagaska mwezi wa tatu 2017, kule kaskazini mashariki ambako ndiko vanila nyingi ya dunia inatoka, na bei ikapaa mpaka ikafika kama dola 600 kwa kilo ya vanila iliyokaushwa, ikawa ghali kuliko fedha yenyewe, hii fedha ya pete na mikufu. Magazeti yaliandika, redio zilitangaza, mabwana shamba wakapita huku vijijini wanahamasisha. Na wewe hukukurupuka. Ulikuja na daftari lako ukakaa na wazee, ukauliza gharama za marando, ukauliza miti ya kupandishia, ukapiga hesabu kwamba vanila inachukua kama miaka mitatu ndiyo itoe maua, kwa hiyo ukaweka akiba ya kuwavusha hiyo miaka. Ukauliza pia kuhusu 2003, maana hata wakati ule bei ilipaa baada ya kimbunga cha Madagaska cha mwaka 2000, halafu ikaanguka vibaya, na wewe ulikuwa kijana tu lakini uliona watu walivyolala mashambani na mapanga kulinda maganda yasiibiwe, na ukaona mwaka uliofuata hayo mapanga yamerudi kukatia majani ya migomba. Kwa hiyo ulijua bei inaweza kuanguka. Ukasema hata ikianguka nusu yake bado unatoka. Ile hesabu mimi niliiona kwa macho yangu na nimefundisha hisabati shule ya msingi mpaka nastaafu, ilikuwa hesabu nzuri.

Kilichotokea baadaye hakikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Kila mtu aliyesikia dola 600 alipanda, huku kwetu, Uganda, Madagaska kwenyewe, na vanila yote ile ikawa inakua wakati mmoja. Ikaja korona 2020. Serikali ya Madagaska ikaweka bei ya chini ya kuuza nje, dola 250 kwa kilo, wanunuzi wakubwa wakagoma kununua kwa bei ile, mzigo ukalala kwenye maghala, na 2023 walipoiondoa bei ile soko likaporomoka kabisa. Sasa niambie, kijana aliyekaa Kamachumu anachavusha maua kwa kijiti asubuhi, ua moja moja kwa sababu ua la vanila linafunguka siku moja tu na usipoliwahi limekwenda, huyo kijana angeyajuaje ya maghala ya Madagaska?

Wewe unamshitaki yule kijana wa 2018 kwa habari za 2023. Hakuwa nazo. Unamsimamisha mbele yako kila usiku, unamuuliza kwa nini hukujua, na hana cha kukujibu kwa sababu kweli hakujua. Hiyo siyo haki, na ningekuwa nasikia unamfanyia mtu mwingine ningekukemea.

Angalia na kahawa. Mwaka 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa mafungu ya kuuza kahawa ulivunjika, bei ikashuka, na mwanzoni mwa 2000 ikafika pabaya sana, mkulima anauza gunia hapati hata hela ya daftari. Wapo waliong'oa mibuni kwenye vibanja vyao wakapanda kingine, na wakaitwa wajanja. Marehemu baba yako hakung'oa, akaonekana mzee asiyeelewa dunia inaenda wapi. Leo kahawa imepanda, kwenye minada watu wanauza kwa bei ambayo baba yako hakuwahi kuiota, na sasa yeye ndiye mwenye akili na wale ndio wajinga! Lakini mimi nilikuwa mke wake, najua kwamba baba yako hakuona mbali kuliko wenzake, aliipenda tu ile kahawa kwa sababu ilipandwa na baba yake. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni bei. Ndiyo maana sipendi mtu apimwe akili kwa jinsi mambo yalivyomalizikia, maana ingebidi kila baada ya miaka kumi tubadilishe nani mjinga nani mwerevu.

Nikuambie na jingine ambalo sikuwahi kukuambia ukiwa mdogo. Hapo Igoma unapokaa, ile sehemu walikozikwa watu wa meli ya MV Bukoba, yupo mtu wa kutoka hapa hapa jirani. Wewe unamjua kaka yake, yule mzee aliyekuwa anakupa miwa. Tarehe 20 mwezi wa tano 1996 alimsindikiza mdogo wake Kemondo, akamkatia tiketi yeye mwenyewe kwa hela yake, kijana alikuwa anaenda Mwanza shule. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikazama wakiwa wameshakaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Yule bwana alikaa miaka hasemi kitu kingine. Ningempandisha basi. Ningemwambia asubiri wiki ijayo. Kila ukikutana naye kisimani au kanisani ni hilo hilo, mpaka watu wakaanza kumkwepa, na nadhani hilo la kukwepwa lilimuumiza zaidi. Kuna siku mama yake, bibi kizee kabisa, alimwambia mbele yetu, "Ulimkatia tiketi ya kwenda shule. Tiketi ya kufa hukuikata wewe." Sitakudanganya kwamba alipona siku ile. Hakupona siku ile. Ila nadhani ndiyo siku aliyoanza kulala, na baadaye akamchukua mtoto wa dada yake akamsomesha mpaka chuo. Huzuni bado anayo, nikikutana naye mwezi wa tano namwona. Lakini haendi tena kujihukumu kila siku, na akili yake ikapata nafasi ya kufanya mengine.

Watu wanapenda kusema majuto ni mjukuu. Mimi msemo huo nimewafundisha watoto wa darasa la nne lakini simwambii mtu ambaye tayari yuko ndani ya majuto, unamsaidia nini? Yeye tayari mjukuu kafika na anamlilia mgongoni.

Ila umeniomba ukweli, na ukweli haujaishia hapo, na hapa utaumia kidogo, vumilia. Kipo mahali ulikosea mwanangu. Siyo 2018. Ni 2022 ulipoona bei inashuka ukaacha kusema. Mkeo akikuuliza unamwambia mambo yanaenda. Mimi nikikuuliza unaniambia mnunuzi anakuja wiki ijayo. Saccos walipokuita hukwenda, na badala ya kwenda kuwaambia ukweli ukachukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kulipa mkopo wa Saccos, halafu kausha damu wa pili kumlipa wa kwanza, mpaka siku walipokuja kubeba friji na makochi mkeo yuko ndani na watoto, ndipo akajua. Mkeo hakuondoka kwa sababu ya vanila. Alikaa na wewe hapa kijijini, yeye nesi aliyezoea mji, akashika kijiti akachavusha maua na mimba ya miezi sita. Umaskini hakuukimbia. Alinikalia hapa jikoni akalia akasema "Mama, mimi angeniambia tu". Hayo ni maneno yake, nilikuwa nimeyaweka, leo nakupa.

Na nimegundua kitu, nisahihishe kama nakosea. Naona ni rahisi kwako kuililia 2018 kwa sababu 2018 huwezi kuifanya chochote, imeshapita, unaweza kuilaani mpaka asubuhi na hakuna mtu atakayekudai hatua. Hili la kunyamaza bado lipo, linaendelea mpaka leo, na linataka uinue simu. Ndiyo maana unalikwepa. Lakini mwanangu hili ndilo lenye dawa! Kosa ambalo bado unaweza kulirekebisha ni afadhali sana.

Kuhusu wenzako na nyumba zao za Buswelu sina la kusema refu. Unaziona kwenye status, hujui nani anakatwa nusu ya mshahara kila mwezi kwa mkopo wa hiyo nyumba, na hata kama hawakatwi, waache wakae kwenye nyumba zao kwa amani. Wewe una miaka 39. Mimi nikiwa na miaka 39 nilikuwa bado nasubiri kupandishwa daraja na nyumba ilikuwa ya nyasi upande mmoja.

Marando ya vanila bado yapo, sikuyang'oa. Nimepanda mibuni michache na maharage katikati, na migomba nimeishughulikia, ile iliyopata mnyauko nimeikata nikaichimba yote. Kibanja kinalisha watu. Sikuambii urudi, kazi yako ya mahesabu ni kazi halali na nasikia mwenye duka anakuamini na funguo, nakuambia tu kwamba kipo.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi andika kila unayemdai na kila anayekudai, jina na kiasi, na usimfiche yeyote hata yule wa laki moja, unipigie picha unitumie kabla ya Jumamosi. Mjomba wako anamfahamu mwenyekiti wa Saccos, Jumatatu tutaenda mimi na yeye kuomba wakupangie marejesho upya, lakini watataka na wewe uwepo kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema. Hao kausha damu tutawamaliza kwanza, maana riba yao ndiyo inayokula, kikoba chetu kinavunjwa mwezi wa kumi na mbili na fungu langu litaanzia hapo, usibishane na mimi kwa hilo.

Mkeo mpigie kabla ya yote hayo. Usimwombe arudi, siyo simu ya kuomba arudi. Mwambie tu hizo namba zote zilizo kwenye karatasi, moja moja, mpaka ya mwisho, na akinyamaza na wewe nyamaza, usikate. Anapokea zamu ya usiku wiki hii kwa hiyo mchana atakuwa amelala, mtafute kuanzia saa kumi jioni.

Na lile swali langu la kwanza bado nasubiri jibu.

Mama yako