Miguu yaruka yenyewe usiku na nina sukari, niache insulini nisomewe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Majengo hapa Pumwani, nina miaka 47 na sukari nimeishi nayo mwaka wa 9 sasa. Tangu mfungo sita miguu inaruka yenyewe usiku, mara paja mara unyayo, na inaniwaka kama nimepakwa pilipili. Hospitali nimepimwa mara mbili nikaambiwa hawaoni kitu. Ustadh mmoja wa ruqya (kisomo cha tiba) akanisomea, akasema ni jini nimetumiwa na wifi yangu, niache insulini siku 21 ninywe kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) na asali asubuhi na jioni, na eti kukimbilia madaktari ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Siku ya 5 mashine ya sukari ikaandika HI nikapelekwa hospitali usiku. Nimetoka, sasa anasema nimeharibu dawa nianze upya. Nifanyeje? Na swala yangu je, maana miguu inaruka zaidi ya mara tatu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Usianze upya. Insulini chukua leo kama ulivyoandikiwa na daktari wako, na kama ile asali bado iko kabatini wape watoto. Hili nimelitanguliza kwa sababu haliwezi kungoja dalili za aya na hadithi, hizo zinakuja.

Nakiri swali lako limeninyima usingizi. Mimi hata hiyo HI sikuijua, nilidhani mashine inasalimia, mpaka mpwa wangu anayeuza duka la dawa akaniambia, ami, hiyo ni kusema sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuhesabu. Na mtu mwenye hali hiyo anaambiwa aongeze asali! Ustadh atasema asali ni shifaa, imetajwa Suratun Nahl. Ndio imetajwa, na maji nayo ni uhai, lakini aliyezama ndani ya kisima huwezi kumteremshia ndoo ingine.

Sasa hiyo ya tawakkul. Wanaosema hivi hutegemea hadithi ya watu 70,000 watakaoingia peponi bila hesabu, iko kwa Bukhari na Muslim, nayo sisi hatuipingi. Lakini isome yote bwana! Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwamba hawaombi kusomewa ruqya, hawaamini mikosi, hawajichomi moto kwa tiba, na kwa Mola wao wanategemea. Umeona cha kwanza ni nini? Ni kuomba ruqya! Yaani ustadh amechukua hadithi inayotaja kazi yake mwenyewe akamfukuzia nayo daktari, kisha akapokea bahasha. Kama hiyo hadithi inafunga mlango, basi wa kwanza kufungiwa ni yeye. Maulamaa hawakuielewa hivyo, kwa sababu Mtume huyo huyo alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaambia jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hakuna ugonjwa alioweka ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na swahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua kifua, Mtume alimtembelea, akamwekea mkono kifuani, halafu akamwambia amwendee al-Harith bin Kalada wa Thaqif kwa kuwa ni mtu anayetibu. Mkono uliobarikiwa kuliko mikono yote umeshamgusa, na bado anaelekezwa kwa tabibu, wewe ustadh wa juzi unamzuia mtu?

Kuna hadithi nyingine inanitisha zaidi, kwa Abu Daud, ya yule bwana aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini akaamka na janaba, yaani inampasa kuoga. Akauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu kwa udongo, wakamwambia hatuoni ruhusa nawe maji unayo, akaoga akafa. Mtume alipopata habari akasema wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue, si wangeuliza kama hawajui. Hao walikuwa na nia safi kabisa na pesa hawakuchukua. Tena imepokewa kwamba anayejifanya tabibu na utabibu hajulikani nao basi yeye ni dhamini, yaani madhara yanarudi shingoni kwake, na kwa kauli hiyo mumeo ana haki ya kumdai hata bili ya hospitali, ingawa najua huko Majengo mtaona haya.

Atabaki na hoja moja, kwamba hospitali hawakuona kitu kwa hiyo ni jini. Huo si ushahidi. Kutojua ni kutojua tu, huwezi ukachukua shimo ukalijaza jina. Na kama ni jini ndiye "aliyesema" kupitia kinywa chako habari za wifi, basi kumbuka majini wa Nabii Suleiman, walimfanyia kazi ngumu naye ameshakufa, ameegemea fimbo, hawakujua mpaka mdudu alipoitafuna akaanguka. Hao ndio tuwachukulie ushahidi wa aliyeturoga?

Kutafuta jibu zaidi si kutoridhika na qadar ya Mwenyezi Mungu, tafuta. Nilimuuliza daktari tunayeswali naye, akasema kuwaka kwa nyayo kwa mtu wa sukari ya miaka mingi mara nyingi ni neva, mishipa ya fahamu, zimeliwa, na vipimo vya kawaida vya damu vinaweza visionyeshe. Kuruka kwa misuli ndiko kunataka kutafutwa, inaweza kuwa sukari imeshuka usiku, chini ya 4 (mmol/L), au chumvi za damu, au figo, au dawa fulani, na wanaomeza metformini, vidonge vya sukari, miaka mingi wanaweza kupungukiwa vitamini B12. Uliza haya yote, omba uonwe na daktari wa neva. Na mwambie binti yako akurekodi vidio miguu ikiruka, uende nayo, kwa sababu mchana ukifika mbele ya daktari miguu inatulia kama haijawahi. Ikikushtua usiku, pima sukari hapo hapo uandike na saa.

Swala yako ni sahihi. Harakati tatu mfululizo ambazo Mashafii wanasema zinabatilisha ni zile za kujitakia, na anayetetemeka bila hiari ana udhuru. Ukishindwa kusimama swali umekaa, ndivyo Mtume alivyomwambia Imran bin Husayn. Ruqya jisomee mwenyewe, bure: weka mkono panapouma, sema bismillah mara tatu, kisha mara saba A'udhu billahi waqudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhir. Ndivyo alivyofundishwa Uthman bin Abil As, iko kwa Muslim. Kombe sikukatazi, kitu ninachokataza ni kombe badala ya insulini.

Bado moja hukuniuliza. Mumeo amenieleza kwamba wifi yako alikuja na uji kwenye thermos ulipokuwa umelazwa ukageukia ukutani. Huna ushahidi hata chembe juu yake, na kumdhania hivyo ni dhambi, tena amefanya subira kutorudisha maneno. Thermos yake bado iko kwenu. Ijumaa ukitoka kuoga ichukue umrudishie wewe mwenyewe, usimtume mtoto.