Ukurasa wa "Misingi Elekezi" kwenye mkataba: una nguvu au ni mapambo?

Ndugu uliyeuliza, salaam. Umesema kikundi chenu cha wenye malori huko Changamwe kimeletewa rasimu ya mkataba na kampuni moja ya kuondosha mizigo bandarini, na kwamba ukurasa wa kwanza una kichwa "Misingi Elekezi" na chini yake nia njema, uwazi, haki na usawa, ushirikiano na kuheshimiana. Nusu ya wanachama wanataka ukurasa huo ufutwe kwa kuwa ni maneno matupu, na nusu wanataka ubaki kwa kuwa ndio pekee unaowatetea. Mimi nimeandika na kusimamia mikataba ya usafirishaji hapa Mombasa kwa miaka mingi, nikiwa upande wa mawakala wa forodha, na ushauri wangu ni kwamba msiufute, wala msiutegemee kama ulivyo. Msingi hupata nguvu pale mkataba wenyewe unapoupa kazi ya kufanya.

Sheria kwanza. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 2, inaturithisha kanuni za mikataba za Uingereza. Miongoni mwa kanuni hizo ni ile aliyoieleza Jaji Esher mwaka 1886 katika shauri la Dawes: utangulizi ukiwa wazi na vifungu vya utekelezaji, yaani vinavyosema nani atafanya nini, vikiwa na utata, utangulizi ndio unaoongoza tafsiri; vifungu vikiwa wazi na utangulizi ukiwa na utata, vifungu vinashinda; na vyote viwili vikiwa wazi lakini vikapingana, bado vifungu ndivyo vinavyotangulizwa. Kwa hiyo, ikiwa rasimu yenu inasema waziwazi kwamba malipo ni baada ya siku 60, "haki na usawa" za ukurasa wa kwanza hazitazipunguza siku hizo hata kwa siku moja.

Msingi ukiingizwa ndani ya vifungu vyenye namba, mambo hubadilika kidogo. Mikataba ya ujenzi ya NEC, inayotumika sana Uingereza, inazitaka pande zote katika kifungu cha 10 zitende kwa moyo wa kuaminiana na kushirikiana. Mwaka 2017, katika shauri la kampuni za Costain na Tarmac, mahakama ya huko ilikubali kwamba kifungu kama hicho kinaweza kumlazimu mtu amsahihishe mwenzake anayeonekana wazi kuwa amekosea kudhani jambo, lakini hakimlazimu ayaweke kando maslahi yake mwenyewe. Si haba, ila ni kidogo kuliko wengi wanavyotarajia wanaposoma neno "ushirikiano".

Nitakupa mifano miwili kutoka kazini. Mkataba wa kwanza ulikuwa na kampuni ambayo sitaitaja, na misingi yake ilijaza ukurasa mzima. Bei ya mafuta ilipopanda tuliomba viwango vya nauli vitazamwe upya, tukitaja "ushirikiano wa muda mrefu" uliokuwa umeandikwa kwa herufi nzito. Jibu lilikuja kwa aya moja yenye adabu zote: wanaithamini misingi hiyo, lakini kifungu cha bei kinasema viwango havibadiliki hadi muda wa mkataba uishe. Kisheria walikuwa sawa.

Mkataba wa pili ulikuwa na kikundi cha wenye malori kama chenu, na ulihusu jambo mnalolijua vizuri: kontena tupu. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure, zikiisha hutoza kwa kila siku hadi kontena lirudishwe kwenye yadi iliyoiteua. Kifungu cha 9 kilisema msafirishaji atalipa gharama za kuchelewesha kontena. Lakini katika misingi kulikuwa na kifungu cha 4, kilichosema kwamba gharama itokanayo na jambo ambalo hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kulizuia itagawanywa nusu kwa nusu, mradi upande unaodai uonyeshe kumbukumbu zake, na kwamba kifungu cha 9 kitasomwa kwa kufuata kifungu hiki. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofanya kazi. Yadi ilipojaa na madereva wakaanza kurushwa kutoka yadi moja hadi nyingine, mhasibu wetu alitaka kukata gharama yote kwenye malipo yao. Msemaji wa kikundi, mzee mmoja mtaratibu, alikuja na karatasi za getini, akazipanga mezani kwa tarehe: hapa lori limefika Jumanne asubuhi likakataliwa, hapa limeelekezwa kwingine, hapa limepokelewa Alhamisi. Siku hizo zilikatwa nusu. Siku ambazo lori lilikuwa limelala kwa mwenyewe likisubiri tairi zilikatwa zote, na mzee hakubisha, kwa sababu kifungu kilekile kilichomtetea ndicho kilichomhukumu.

Sisi wa Mwambao tuna mfano mkubwa kuliko huo. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani kuunganishwa na Kenya. Ndani yake mlikuwa na ahadi za kimsingi, miongoni mwake kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa, na kwamba maafisa wa utawala katika maeneo yenye Waislamu wengi watakuwa Waislamu kadiri itakavyowezekana. Ahadi ya makadhi ilipewa chombo, yaani mahakama, na leo imo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, pamoja na mipaka yake ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Ahadi ya maafisa ilibaki na "kadiri itakavyowezekana", na hakuna ibara ya Katiba hiyo inayoibeba. (Siasa zake tuziache, huo ni uzi mwingine.)

Kuna anayeweza kunipinga kwa kutaja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao misingi yake, katika ibara za 6 na 7, imekuwa na meno. Ni kweli. Mwaka 2013, katika shauri la wakili Mkenya aliyezuiwa kuingia Uganda kupitia Entebbe, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilikataa hoja kwamba ibara hizo ni matarajio tu. Lakini isome ibara ya 7 uone: inasema nchi wanachama zinaahidi kuizingatia misingi hiyo. Imeandikwa kama wajibu.

Sasa rasimu yenu. Punguzeni misingi ibaki ile mnayoweza kuitaja ikifanya kazi mahali fulani, kisha muihamishe kutoka utangulizi iingie kwenye vifungu. Angalieni pia vifungu vya mwisho, ambako mara nyingi hufichwa sentensi inayosema kwamba vichwa na utangulizi havifungi upande wowote, kwa kuwa sentensi hiyo peke yake inaua ukurasa mzima mnaougombania. Na msikubali kwa hali yoyote kwamba kukiuka msingi kuwe sababu ya kuvunja mkataba papo hapo. Neno kama "kuheshimiana" halina kipimo, na mwenye nguvu zaidi ndiye atakayelipima; dereva wenu akijibizana na mlinzi getini, kazi ya malori yote inaweza kusimama.

Kwa suala la mafuta, ambalo umesema ndilo linalowatia hofu, kifungu cha namna hii kingetosha (EPRA ni mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli): "Bei ya dizeli inayotangazwa na EPRA kwa Mombasa ikipanda au ikishuka kupita kiwango kilichotajwa katika Jedwali la Kwanza, pande mbili zitakutana ndani ya siku 14 kurekebisha nauli kwa msingi wa usawa uliotajwa katika kifungu cha 3, na zisipokubaliana, suala litapelekwa kwa msuluhishi waliyemteua." Kiwango chenyewe kijadilini kabla ya kusaini, na jina la msuluhishi liandikwe sasa, wakati bado mnaelewana.