Goti linasagika, ute umekwisha, ninunue baiskeli ya kukunja?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 52, urefu sentimita 158, uzito kilo 94. Naishi Kinondoni, ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Magoti yote yananiuma, la kulia zaidi, na shida kubwa ni kushuka ngazi. Nilipiga X-ray nikaambiwa magoti yameanza kusagika, na aliyenisomea picha akasema ute umekwisha. Nimeona Kariakoo wanauza baiskeli za mazoezi za kukunja, nikazipenda kwa sababu sina nafasi. Dada yangu ananikataza. Anasema bila ute nitasaga mfupa kwa mfupa, nianze kwanza na bamia na unga wa dawa za asili anaotumia yeye mpaka ute urudi. Yeye unamsaidia sana. Nifanyeje, na kama ni kununua, nichague ipi? (Msomaji, Kinondoni)

Jibu: Dada, nunua baiskeli. Unga usiuguse. Nitaurudia huo unga mwishoni, maana haukuhusu wewe peke yako.

Hili la ute linanichosha kuliko jambo lolote katika kazi ya fiziotherapia. Watu wanaletwa kliniki wakiwa wamekaa ndani miezi, misuli ya paja imesinyaa, hata kunyanyuka kwenye kochi mpaka washikwe mkono. Ukiwauliza waliacha lini kutembea, wanakutajia siku walipoambiwa ute umekwisha. Kauli moja imewalaza kuliko goti lenyewe.

X-ray haionyeshi ute. Inaonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake. Nafasi hiyo ikiwa finyu, kilichopungua ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili ziteleze. Ute unatengenezwa na utando wa ndani wa goti, na utando huo hauachi kazi eti kwa sababu gegedu limelika. Ni kweli kwamba katika goti lililosagika ute huwa mwepesi kuliko kawaida, lakini mara nyingi unakuwa mwingi kupita kiasi. Yale maji ambayo daktari anayavuta kwa sindano goti likivimba ni ute huohuo uliozidi. Halafu mgonjwa huyohuyo akitoka getini anauziwa dawa ya kuongeza ute!

Kuna jambo jingine ambalo wanaotisha watu hawalisemi. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute, na linakifyonza pale goti linapobanwa na kuachiwa, likunjwe na kunyooshwa, kama sifongo ndani ya maji. Ukikaa kitako ukiulinda ute, gegedu lililobaki ndilo unalolinyima chakula. Na paja linapokosa nguvu, kila hatua unayokanyaga inatua moja kwa moja kwenye kiungo.

Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila. Lakini ule mlenda ni aina ya nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu halina uwezo wa kuzimeng'enya. Zinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, zinazobaki zinatoka chooni. Kutoka utumboni kwenda gotini hakuna njia ya mlenda. Supu ya makongoro nayo ni hivyohivyo, ni protini inayovunjwavunjwa tumboni kama protini ya maharage au ya dagaa. Hata vidonge vya glukosamini na kondroitini vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza havina cha kujivunia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wenye wagonjwa zaidi ya 1,500, haukuona kwa ujumla waliovimeza wakitulia maumivu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwongozo wa 2019 wa chama cha madaktari wa viungo cha nchi hiyo unashauri visitumike kwa goti, na mwongozo huohuo unaweka mazoezi na kupunguza uzito mstari wa mbele.

Sasa baiskeli. Huko Ujerumani kuna wagonjwa waliowekewa magoti bandia yenye vihisi ndani, vinavyopima mzigo halisi unaopita gotini. Kutembea tambarare ilikuwa kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Kukanyaga baiskeli kwa nguvu ndogo, kama mara moja na robo hivi. Kwa kilo zako 94, kila ngazi unayoshuka inakupa zaidi ya kilo 300 gotini, na baiskeli inakupa takriban 115. Hizo ngazi za ghorofa ya tatu unazipita kila siku na hakuna aliyekukataza, ila baiskeli ndiyo wanayoiogopa.

Katika kuchagua, uzito ndio unaoanza. Soma kibandiko kwenye fremu au kwenye boksi: wakiandika mwisho kilo 100, iache. Tafuta ya kilo 120 au zaidi, kwa sababu mtu hakai juu ya baiskeli kama gunia lililotulia, anainama, anasukuma, anashuka upande mmoja. Chagua yenye kiti kipana na egemeo la mgongo, na fremu iliyo chini katikati ili upitishe mguu bila kuunyanyua juu. Goti bovu linaumia wakati wa kupanda na kushuka kuliko wakati wa kukanyaga.

Usinunue bila kuikalia. Baiskeli hizi za kukunja nyingi kiti kinapanda na kushuka tu, hakisogei mbele wala nyuma, na kwa urefu wako ndipo unapoweza kukwama. Kalia, weka kisigino kwenye pedeli iliyo mbali nawe kabisa, mguu uwe umenyooka bila kiuno kuchezacheza. Kisha sogeza mguu, ukanyage kwa ile sehemu ya nyuma ya vidole, goti likunjike kidogo tu. Kama hata kiti kikiwa chini kabisa inabidi unyooshe vidole kuifikia, hiyo si yako, muuzaji aseme atakavyosema. Kiti kikikaa chini mno nako goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba baiskeli imewaumiza kwa mbele, chini ya kifuniko cha goti.

Kabla hujashuka, shika usukani uutikise kwa nguvu. Pini inayofunga sehemu ya kukunjia ikiwa inacheza dukani, nyumbani itacheza zaidi. Weka ugumu katikati, zungusha pedeli kwa mkono uachie: inatakiwa ipungue mwendo taratibu, isikwame kwame. Chukua inayotumia sumaku kuongeza ugumu, uachane na ile ambayo ukikaza kitufe kipande cha kitambaa kinabana gurudumu. Hiyo inalika, inanuka, na jirani wa chini atakuja kugonga mlango. Faida moja ya hizi ndogo ni kwamba umeme hazihitaji, betri ni za ile skrini tu. Namba za kalori zinazotokea hapo zipuuze. Chombo kinahesabu mizunguko. Hakijui una kilo ngapi wala umeweka ugumu gani.

Ikifika nyumbani kwenye boksi, aliyekuja kuifunga asikurupuke na pedeli. Zimeandikwa L na R. Ya kushoto inakazwa kinyume, yaani kuelekea kushoto, na mafundi wengi wanailazimisha kwa spana kuelekea kulia mpaka meno yanalika siku ya kwanza. Ukianza kuikaza kwa vidole inagoma, usiongeze nguvu, angalia herufi.

Anza na dakika tano hadi kumi, ugumu wa chini kabisa, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo wakati wa kukanyaga yasikutishe. Kipimo changu ni kesho yake: goti likirudi lilivyokuwa ndani ya saa 24, uko sawa, likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza dakika, usiache. Ongeza dakika polepole mpaka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Usisimame juu ya pedeli, fremu hizi hazikutengenezwa kwa hilo. Na ongeza zoezi la kunyanyuka na kukaa kwenye kiti cha kulia chakula, bila kujisukuma kwa mikono kadiri unavyoweza, maana baiskeli peke yake haijazi paja nguvu ya kutosha kwa ngazi zako. Kuhusu uzito, utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo unayopunguza inaondoa kama kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Ukipunguza tano tu, ngazi utazisikia tofauti. Goti likijifunga ghafla lisikunjuke, au likiwa jekundu la moto huku una homa, hapo achana na baiskeli, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nirudi kwenye unga. Unasema unamsaidia dada yako sana, nami nakuamini, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Majani na mizizi iliyosagwa haitulizi goti lililosagika kiasi hicho. Dawa zinazotuliza kiasi hicho zinajulikana, ni steroidi (dawa zinazofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea) kama deksamethasoni na prednisoloni, na za maumivu kama diklofenaki. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipima virutubisho vya viungo vilivyokuwa vikiuzwa kama vya asili, ikakuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Sina ugomvi na tiba asili iliyosajiliwa na kutaja kilichomo. Ugomvi wangu ni na hawa wa makopo yasiyo na orodha, wanaouzia watu ndani ya daladala na kwenye simu, na ushahidi wao ni shuhuda za mabibi waliotupa magongo.

Steroidi ikiliwa kila siku bila kipimo inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inaongeza hamu ya kula na uzito, uso unajaa na kuwa mviringo. Ikichanganywa na diklofenaki inachimba vidonda vya tumbo, na figo nazo zinaumia. Mgonjwa haoni haya yote, anaona goti limetulia tu, anamwelekeza na jirani. Ndivyo mtaa mzima unavyoingia.

Kwa hiyo ukimweleza dada yako, mwambie na hili, na wengine mnaotumia unga wa namna hiyo mlisikie: msiache ghafla leo usiku. Mwili uliozoea steroidi kwa wiki nyingi unakuwa umeacha kujitengenezea ya kwake, na ukikatiwa mara moja mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka akazimia. Aende hospitali wiki hii, apimwe presha, sukari na figo, na daktari ndiye apange namna ya kumshusha. Aende na kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu.