Dirisha la Wasomaji: Rufaa ya kibali cha ujenzi, na namba zinazozunguka WhatsApp

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Leicester, England, kwenye nyumba iliyoshikana na za majirani kulia na kushoto. Tuliomba kibali cha kuongeza chumba nyuma, mita 5.5, ili mama mkwe apate pa kulala chini, maana ngazi zimemshinda. Kaunsili imekataa kwa barua ya tarehe 3 Machi. Sababu ni moja tu: ukuta utamzibia jirani mwanga wa dirisha la jikoni. Mchoraji wetu anasema tukate rufaa kwa kuwa ni bure. Mume wangu kaona kwenye kundi la WhatsApp kwamba rufaa huchukua wiki 47. Shemeji naye anasema takwimu za serikali zinaonyesha wanaoshinda ni watatu kati ya kumi, kwa hiyo tusijisumbue. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mpe pole mama mkwe, na mwambie asikate tamaa bado.

Kabla sijagusa takwimu, chukua kalenda. Rufaa ya mwenye nyumba aliyenyimwa kibali cha kuongeza au kubadili nyumba yake ina wiki 12, na wiki hizo zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya kaunsili. Siku uliyoipokea haihusiki. Kwa barua ya tarehe 3 Machi, mwisho wako ni tarehe 26 Mei. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2012 niliihesabia familia moja wiki 12 tangu siku barua ilipodondoka mlangoni kwao. Ilikuwa imekaa njiani siku nne. Nikapeleka rufaa siku mbili baada ya muda kuisha, ikarudishwa bila kufunguliwa hoja hata moja. Baba wa nyumba ile hakunigombeza, alikunja ramani yangu taratibu akaniambia, "Basi, Mungu hakupanga." Ningependa angenigombeza. Familia kama ile haionekani kwenye takwimu yoyote ya walioshinda wala walioshindwa, kwa sababu rufaa yao haikupokelewa.

Sasa namba za mumeo. Hizo wiki 47 hazikutungwa, ila si zako. Zinatoka kwenye ripoti ya Bridget Rosewell, mchumi aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza kwa nini rufaa zinazosikilizwa kwa uchunguzi wa hadhara zinachelewa. Ripoti ilitoka Februari 2019 ikiwa na mapendekezo 22. Uchunguzi wa hadhara ni ile kesi ya mawakili, mashahidi na ukumbi wa kukodi, kama pale kampuni inapotaka kujenga nyumba mia tatu kwenye shamba. Chumba cha mama mkwe hakipiti huko. Chako kitaamuliwa kwa maandishi, na mkaguzi mmoja wa serikali, baada ya kuja kupaona. Hilo ni jambo la miezi, halifiki mwaka.

Ofisi inayoshughulikia haya inaitwa Planning Inspectorate, makao yake Bristol. Inahudumia England; Wales ilijitenga na kuanzisha ya kwake mwaka 2021. Mara kwa mara hutoa takwimu kwenye tovuti ya serikali, bure kwa yeyote: rufaa ngapi zimeamuliwa, ngapi bado ziko wazi, zilichukua wiki ngapi, ngapi zilikubaliwa. Ukizifungua, angalia mambo mawili.

La kwanza, utakuta muda umeandikwa kwa namna mbili, wastani na mediani. Chukulia rufaa tano, mfano wangu tu: moja imechukua wiki 12, nyingine 14, nyingine 15, nyingine 16, na moja iliyokwama imechukua wiki 63. Ukizijumlisha na kugawa kwa tano unapata wastani wa wiki 24, na hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyesubiri wiki 24. Zipange mstarini ushike iliyo katikati: wiki 15. Hiyo ndiyo mediani, na inakaribia zaidi yale watu wa kawaida waliyoyapitia. Soma hiyo, na usome mstari wa rufaa za wenye nyumba peke yake, kwa sababu ukichukua ile ya jumla unachanganywa na wenye mashamba na wenye kesi za kubomolewa, na hao husubiri zaidi.

La pili, saa yao huanza kugonga siku rufaa inapothibitishwa kuwa imekamilika. Ukituma fomu bila ramani moja, au bila ile barua ya kukataliwa, zile siku za kukuandikia na wewe kutafuta karatasi hazimo kwenye hesabu yao. Kwako zimo. Kaa na mchoraji wenu mezani, muweke tiki kila karatasi kabla ya kubonyeza tuma.

Tuje kwa shemeji. Kwa miaka mingi ni kweli kwamba kati ya rufaa kumi za vibali, takriban tatu hukubaliwa, na za wenye nyumba huwa juu kidogo ya hapo. Lakini ile tatu kati ya kumi si bahati nasibu ya nyumba yako. Ndani ya wale kumi yumo aliyekataliwa kwa kosa la wazi la kaunsili, yumo aliyetaka ghorofa mbili ubavuni mwa jirani, yumo aliyekata rufaa kwa hasira tu. Mkaguzi hatazami mafungu hayo. Atasoma sababu moja iliyo kwenye barua yako, atakuja kusimama uwanjani, kisha atajiuliza: je, ukuta huu utamnyima jirani mwanga kiasi cha kumuumiza, au la?

Kwa hiyo fanya hivi kesho asubuhi jua likiwa limetoka. Chukua tepu. Anzia kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, pima mita 5.5 kwenda bustanini, chomeka mti hapo mpakani. Kisha mwombe jirani kwa adabu akuruhusu usimame mbele ya dirisha lake la jikoni. Kaunsili nyingi hutumia mstari wa nyuzi 45: unauchora kutoka katikati ya dirisha la jirani kuelekea upande wako, na ukuta mpya ukiukata mstari huo kwa kiasi kikubwa, wanahesabu kuwa mwanga umezuiwa. Dirisha likiwa mita moja na nusu tu kutoka mpakani, mwanangu, mita 5.5 zitaukata vibaya sana. Likiwa mbali, au likiwa tayari linakula kivuli cha banda lake mwenyewe, hapo una hoja, na picha uliyopiga siku hiyo ina nguvu kuliko asilimia yoyote ya shemeji.

Zingatia pia kwamba kwenye rufaa ya aina yako hupewi nafasi ya kuja na mapya. Mkaguzi anaamua ramani ileile iliyokataliwa. Huwezi kusema, "Basi tupunguze iwe mita nne." Ndiyo maana lile neno la mchoraji, kwamba ni bure, linanitia wasiwasi. Ni bure kweli. Na naelewa kwa nini linavutia: zamani aliyekataliwa aliweza kurudisha ombi lililorekebishwa ndani ya mwaka bila kulipa tena, lakini nafuu hiyo iliondolewa Desemba 2023, na Aprili 2025 ada ya ombi la kuongeza nyumba ilipanda kutoka paundi 258 hadi 528. Mtu akilinganisha ada hiyo na sifuri, anakimbilia sifuri. Halafu anakaa miezi anasubiri jibu la mita 5.5 ambazo yeye mwenyewe, akisimama kwenye lile dirisha, angeona hazifai.

Rai yangu ni hii. Tepu ikikuonyesha kwamba kaunsili imekosea, kata rufaa, na mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ikikuonyesha kwamba jirani ana haki, punguza. Kwa nyumba iliyoshikana kama yenu, chumba cha ghorofa moja kisichozidi mita 3 kwenda nyuma kwa kawaida hakihitaji kuomba kibali kabisa, mradi kimo kisizidi kinachoruhusiwa na haki hiyo isiwe imeondolewa kwenye mtaa au nyumba yenu. Mita 3 kwa upana wa nyumba zinatosha kitanda, kabati na kiti cha kuswalia. Nimechora vyumba kama hivyo vingi, na wazee wamelala humo kwa raha. Kuna pia njia ya kufika mita 6 kwa kumtaarifu jirani kupitia kaunsili, ila jirani akipinga, kaunsili inarudi kuupima mwanga uleule.

Mkikata rufaa, mjiandae na ziara ya mkaguzi. Watu wetu hudhani ni siku ya kujitetea. Nakumbuka mama mmoja wa Reading aliyeamka alfajiri akapika maandazi, chai ya tangawizi ikawekwa kwenye chupa. Mkaguzi alifika na mabuti na ubao wa kuandikia, akashukuru, akakataa hata maji. Alikaa kama robo saa bustanini, akaenda upande wa jirani, akaondoka. Mama yule alilia akidhani amechukiwa. Hakuchukiwa, haruhusiwi kupokea wala kuzungumza kesi na upande mmoja. Kila unachotaka kumwambia kiandike kabla, pamoja na hali ya mama mkwe na barua ya daktari kama ilikuwa sehemu ya ombi lenu la kwanza.

Jambo la mwisho kwako. Maamuzi ya wakaguzi yako wazi kwa kila mtu, unaweza kuyatafuta kwenye mtandao wao. Tafuta ya mtaa wenu au ya jirani na hapo, nyumba za aina yenu. Soma ile sehemu ya sababu, haizidi ukurasa mmoja au miwili, na mtoto wako mkubwa anaweza kukusomea. Maamuzi matatu ya mtaani kwenu yatakufundisha kuliko jedwali la nchi nzima.

Swali: Mzee, mimi niko Barking. Nilijenga chumba mwisho wa bustani, mdogo wangu anaishi humo. Kaunsili imeleta amri ya kukiondoa. Naogopa kukata rufaa kwa sababu karatasi zangu za Home Office bado. Nao ni tatu kati ya kumi?

Jibu: Ndugu yangu, kwetu neno rufaa likitajwa moyo unaruka, kwa sababu wengi tumelifahamu kwenye mambo ya uhamiaji. Hii ni ofisi nyingine na sheria nyingine. Mwenye maslahi kwenye ardhi ile, kama mwenye nyumba au mpangaji, au anayeikalia kwa ruhusa, ana haki ya kukata rufaa.

Waache watatu kati ya kumi, tazama tarehe. Kwenye amri yako imeandikwa siku itakayoanza kufanya kazi, kwa kawaida si chini ya siku 28 tangu ulipopewa. Rufaa lazima ifike kabla ya siku hiyo. Ikipita, hakuna wa kuiongeza, wala ugonjwa wala msiba. Ikifika kwa wakati, amri inasimama mpaka uamuzi utoke. Ukiipuuza, inakuwa kosa la jinai, na hilo ndilo la kuogopa kwa mtu mwenye karatasi zinazosubiri.

Sheria inatoa sababu saba za kukata rufaa ya aina hii, kuanzia kuomba kibali chenyewe, ambacho kina ada mara mbili ya ombi la kawaida, hadi kuomba tu muda wa kutosha wa kubomoa. Ipo pia sababu ya kwamba miaka imepita. Hapo jihadhari na wanaokwambia ni miaka minne. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 England imekuwa miaka 10. Ile minne imebaki kwa kazi zilizokuwa zimekamilika kabla ya tarehe hiyo. Tafuta risiti za mabati, bili, picha za simu zenye tarehe. Leo hii, tafadhali. Na mpeleke mwanasheria wa ardhi au ofisi ya ushauri wa bure ile amri yenyewe, usimsimulie kwa mdomo.

Swali: Nasoma mipango miji. Mwalimu alisema kaunsili huogopa asilimia 10. Ya nini?

Jibu: Kijana, serikali huhesabu, kwa kipindi cha miaka miwili, ni sehemu gani ya maamuzi yote ya kaunsili imepinduliwa na wakaguzi. Angalia vizuri: ni sehemu ya maamuzi yote, si ya rufaa. Ikizidi 10 kwa mia, kaunsili inaweza kuwekwa chini ya uangalizi. Kwa miradi mikubwa kaunsili ndogo huamua michache, kwa hiyo rufaa chache tu zikishinda zinaivusha mstari. Uttlesford, kule Essex uliko uwanja wa ndege wa Stansted, iliwekwa Februari 2022 kwa ajili ya miradi mikubwa, na waombaji wakaruhusiwa kuipita na kupeleka maombi yao moja kwa moja Bristol. Ukitaka kuandikia mtihani, fungua majedwali ya wizara ya makazi, chagua kaunsili ya kwenu, uweke safu ya maamuzi yote kando ya safu ya yaliyopinduliwa, kisha ugawe mwenyewe kwa kalamu.