Nani aweke viwango vya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye mfumo wa ankara, mhasibu au IT?

Mhasibu anaamua, IT anaweka, kisha mnajaribu pamoja na ankara za mfano kabla mfumo haujaanza kutumika. Nimefanya hesabu kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara na haya nimeyaona kwa macho. Korosho ghafi ikiuzwa humu nchini imesamehewa VAT; iliyobanguliwa ikienda nje inatozwa asilimia 0. Kwenye skrini zote mbili zinasoma kodi sifuri, basi kijana wa IT akaziweka msimbo mmoja. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia kuwa kwenye asilimia 0 unadai VAT uliyolipa kwenye manunuzi, kwenye msamaha huwezi kuidai. Tarehe 18 tulikesha tukitenganisha ankara moja moja, na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho wake tarehe 20.

Muandikie mtu wa IT karatasi moja tu: bidhaa, aina ya mteja, kiwango, na ankara moja ya mfano. Ila Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza Julai 1, kwa hiyo mtaarifu IT mara bajeti inaposomwa Juni, lakini asiguse kitu mpaka sheria ipite.