Kabla ya kumtaja Idi Amin kwenye mtihani wa sheria ya kimataifa

Wadogo zangu mnaoanza sheria ya kimataifa hapa Mombasa, kuna swali litakalowagombanisha mapema: je, nchi inaruhusiwa kuingiza jeshi kwa jirani ili kuwaokoa raia wanaouawa na serikali yao? Wengi huanza kujibu kwa huruma, na siwalaumu. Anayesoma habari za Rwanda ya 1994 asiguswe, mimi namwogopa. Ila anzeni na ruhusa: ni nani aliyeitoa, na kwa kifungu gani?

Kifungu cha 2(4) cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 kinakataza matumizi ya nguvu dhidi ya nchi nyingine. Mkataba unaruhusu idhini ya Baraza la Usalama chini ya Sura ya 7, na kujihami chini ya kifungu cha 51. Kuwaokoa raia wa jirani hakukutajwa.

Ndiyo maana watetezi wa uokoaji huo hukimbilia desturi ya kimataifa, yaani mazoea ya mataifa yanayohesabika kuwa sheria, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Vitendo peke yake haviundi desturi. Lazima mataifa yatende yakiamini kwamba sheria inawaruhusu. Kwa hiyo tafuteni serikali yenyewe ilijitetea vipi siku ile, wala msiipachike sababu mnayoipenda nyinyi leo.

Chukueni vita vya Kagera. Kwenye vibaraza vya mtaani mtasikia kwamba Nyerere aliwaokoa Waganda, na ni kweli kwamba Amin aliangushwa na Kampala ikatekwa Aprili 1979. Lakini Tanzania ilisema inajihami, kwa kuwa jeshi la Amin lilikuwa limevamia Kagera mwaka 1978. Kumng'oa Amin, ilieleza, ni vita vya Waganda wenyewe. Hata hivyo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Monrovia mwaka 1979 wapo viongozi waliolalamika. Mkiuleta mfano huu kama ushahidi wa haki ya kuokoa, mtahini makini ataukata. India nayo, ilipoingia Pakistani ya Mashariki (Bangladesh ya leo) mwaka 1971, ilishikilia kujihami.

Kosovo ya 1999, wakati huo jimbo la Yugoslavia, ni ngumu zaidi. NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, ilipiga mabomu bila idhini ya Baraza la Usalama, na tume huru iliyochunguza ilisema kitendo kilivunja sheria ingawa kilikuwa na sababu ya haki. Uingereza hadi leo hudai haki hiyo ipo kwa masharti, lakini ni nchi chache zinazoiunga mkono, nami naona hoja yake haijatosha. Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubali wajibu wa kulinda raia, ila wakaupitishia Baraza la Usalama. Libya ya 2011 ilipata idhini hiyo kwa azimio namba 1973: kura 10 za ndiyo, na nchi 5 zikajizuia.

Msisahau kwetu. Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika kinaupa Umoja haki ya kuingilia kati kwenye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanachama walikubali hayo wenyewe, na naliona jambo kubwa kuliko wanavyolipa uzito walimu wengi. Bado kifungu cha 53 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinataka idhini ya Baraza kabla ya jumuiya ya kikanda kutumia nguvu, na mabishano juu ya hilo hayajaisha. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Afrika liliidhinisha wanajeshi 5,000 kwenda Burundi. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 marais wa Umoja wa Afrika hawakuwatuma. Someni taarifa ya Baraza hilo ya Desemba aya kwa aya, muone ilivyotaja kifungu cha 4(h) na ilivyoomba ridhaa ya Burundi kwanza.